Notisi kwa Jiko: Mwongozo kwa Wenye Baridi wa Kiganjo

Mwongozo huu unamhusu mtu mmoja tu, yule anayelala chumba kimoja na jiko la makaa. Kama wewe uko Mombasa, umelala bila shuka na feni inakupepea, huna kazi hapa. Nenda zako ukanywe madafu. Sisi wa Kiganjo, huku Nyeri, tuna kesi.

Kesi yenyewe huanza Juni. Ukungu wa Mlima Kenya unashuka upande huu, wa Nyandarua unateremka upande ule, na mahali pa kukutania ni juu ya paa lako la mabati. Usiku nyuzi zinashuka chini ya 10. Alfajiri makurutu wa chuo cha polisi wanakimbia wakiimba, nasi tulio kitandani tunawahurumia bila kufunua blanketi. Basi ikifika saa mbili usiku, chakula kimeshaliwa na makaa bado mekundu, mtu mzima mwenye akili timamu na vyeti vya shule anasema: leteni hilo jiko ndani, mbona joto lipotee bure?

Ndivyo jiko linavyopata nyumba. Halilipi kodi wala deposti, na halijaandikiana na mtu. Siku ya tatu limeshapata kona yake karibu na kitanda, na ukilitoa wewe ndiwe unayeonekana mkatili. Kumfukuza mpangaji wa namna hii kunahitaji utaratibu.

Hatua ya kwanza: mjue unayemfukuza

Watu wetu si wajinga. Kila mmoja anajua moshi ni mbaya, ndiyo maana hakuna anayeingiza ndani jiko linalofuka. Jiko huwashwa nje ya mlango na kupepewa kwa kipande cha katoni. Watoto wanakohoa mpaka wanamaliza, moshi unakwisha, makaa yanashika pande zote. Hapo ndipo inatangazwa kwamba limeiva na linaweza kuingia. Yaani tunangoja kwa subira hadi jiko lipoteze kitu pekee ambacho kingetuonya, halafu tunalikaribisha.

Makaa ni kaboni karibu tupu. Hewa ikiingia kwa chini inakutana nayo na kugeuka hewa ya ukaa, ileile tunayoitoa puani. Ingeishia hapo tungelala salama. Lakini inapopanda katikati ya makaa mekundu inachukua kaboni nyingine njiani, na inapofika juu imekuwa kaboni monoksaidi. Umewahi kuviona vile vindimi vya buluu vinavyocheza juu ya jiko lililokolea? Hiyo ndiyo gesi yenyewe, inaungua mbele ya macho yako. Vindimi vikipotea usiseme jiko limetulia. Gesi ingali inatoka, ila sasa inatoka bila kuungua, inakuja ulipo.

Haina rangi. Haina harufu. Haiwashi macho wala haikwaruzi koo. Ikiingia kwenye damu inaishika hemoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni, na inaishika kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Mapafu yanapumua vizuri, moyo unapiga, oksijeni ipo chumbani, ila viti vyote vimeshakaliwa. Tena usisahau kwamba tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kuliko ya yule wa madafu kwa karibu sehemu moja kati ya tano. Tunaanza mechi tukiwa tumeshafungwa bao.

Halafu wako mafundi zaidi, wanaofunika makaa kwa majivu ili asubuhi wapate moto wa chai. Kaa lililofunikwa linakosa hewa ya kutosha, na likikosa hewa ya kutosha linaendelea kutoa gesi hiyo polepole usiku kucha. Moto wa chai utakuwepo asubuhi. Wanywaji ndio hatuna hakika nao.

Hatua ya pili: jiandae kwa mawakili wake

Jiko lina mawakili wengi, na wote ni jamaa zako.

Wa kwanza ataleta karai la maji aliweke kando ya jiko, eti maji yananyonya sumu. Huyu utamkuta kila kijiji kuanzia Karatina hadi Nanyuki, na anaongea kwa uhakika wa daktari bingwa. Kaboni monoksaidi haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Faida ya karai ni moja tu: atakayeamka usiku atalikanyaga, na akipiga mayowe huenda wengine wakaamka.

Wa pili anasema sumu hukaa chini, kwa hiyo watoto walale juu ya dabodeka. Mwingine anasema hupanda juu, basi walale sakafuni. Waache wabishane. Gesi hii ina uzito unaokaribiana sana na wa hewa, inachanganyika nayo chumba kizima, na wa juu na wa chini wanagawiwa sawa. Ni mara chache kitu kugawanywa kwa haki namna hiyo katika nchi hii.

Wa tatu ni mtu wa maridhiano: jiko liingie, ila dirisha liachwe wazi upana wa kidole. Mpango mzuri kwenye karatasi. Lakini katika kila nyumba kuna mtu ambaye saa tisa usiku, akiwa nusu usingizini, huinuka akalifunga hilo dirisha, na asubuhi hakumbuki. Hata likibaki wazi, kidole si kipimo. Upepo ukigeuka, gesi inabaki nawe. Na yale matundu ya hewa juu ya dirisha, ambayo fundi aliyaacha kwa makusudi, tuliyaziba Mei kwa gunia na gazeti la Jumapili. Ukilichomoa gazeti ukalikunjua, usishangae kukuta ukurasa wa tatu habari ya familia iliyolala na jiko.

Yupo pia mtetezi wa jiko lenye udongo ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Jiko zuri sana hilo, linatunza moto na kupunguza matumizi ya makaa. Lilibuniwa liokoe pesa na misitu. Hakuna aliyeahidi kwamba lingeokoa aliyelala. Makaa ya kufinyangwa kwa vumbi nayo ni makaa.

Wakili mkuu ni shosho. Huyu usimkatize, na usijibu ukiwa umeketi kabla yake. Atasema: "Sisi tulilala na moto maisha yetu yote, na hakuna aliyekufa. Ninyi ndio mmekuwa wa mayai."

Shosho hasemi uongo. Ameacha tu kuleta mahakamani kielelezo kimoja, nacho ni nyumba. Ile ya zamani ilikuwa na mafiga matatu katikati na paa la nyasi juu. Moshi ulipanda ukachujika kwenye nyasi, ukaenda zake, na gesi ikaondoka pamoja nao. Kuta zenyewe zilivuja upepo kila upande. Moto ulikuwa wa kuni, na kuni zinakuwasha macho, zinakukohoza, zinakuamsha. Ni kweli moshi ule uliharibu macho na vifua vya wanawake wengi, na hilo shosho pia halisemi sana. Wewe umejenga kwa mawe, ukapiga plasta, ukaweka siling'i na madirisha ya vioo ambayo hata mbu anayapigia hodi. Kwenye nyumba za mbao umepachika katoni kwenye kila ufa. Umechukua moto wa nyumba yenye matundu elfu ukauweka ndani ya sanduku. Mwambie shosho hivyo taratibu, ukimpa chai, na umwachie yeye atoe hukumu. Akishatoa, hakuna mwingine atakayekata rufaa.

Walowezi waliojenga huku nao walisikia baridi hii hii, na ukitazama nyumba zao zilizobaki utaona bomba la moshi juu ya paa. Nalo si hirizi. Mwandishi Mfaransa Émile Zola alilala na mkewe Paris usiku wa Septemba 1902, moto umewashwa chumbani, bomba limeziba. Usiku wakaamka wakijisikia vibaya, wakadhani ni chakula. Asubuhi Zola alikutwa sakafuni na hakuzinduka. Mkewe Alexandrine akapona. Neno la kushika hapo ni chakula.

Hatua ya tatu: toa notisi

Kila msimu wa baridi wakubwa hutoa taarifa kwamba wakazi wawe waangalifu wanapotumia majiko ndani ya nyumba. Ushauri wa heshima, ila una kasoro moja ndogo: aliyesinzia hawezi kuwa mwangalifu. Kwa hiyo notisi yako isiwe na neno hilo. Iandike hivi, kwa mwandiko unaosomeka, uibandike nyuma ya mlango:

"Kwa Jiko. Utapika nje, au barazani, au jikoni nyuma penye mlango na dirisha wazi. Chakula kikiiva, sufuria inaingia, wewe unabaki. Hutalala ndani hata ukiwa na makaa mawili. Hutalala chini ya dirisha letu, kwa maana unapita hapo kurudi. Mvua si sababu. Mgeni si sababu. Mtoto mchanga ndiye sababu ya kukutoa mapema zaidi."

Utasikia pingamizi moja la maana, nalo ni kwamba jiko likilala nje litaibwa. Kweli, Kiganjo haikosi watu wenye vidole. Basi toa makaa kwa koleo uyatie kwenye debe la bati lenye kifuniko kinachobana, ulifunike na uliache nje palepale. Moto utakosa hewa, ufe, na makaa yaliyobaki utapikia kesho. Jiko tupu likishapoa kiasi cha kubebwa kwa mikono mitupu, liingize ulifungie hata kabatini. Usilimwagie maji, udongo wake utapasuka na notisi itakuwa imekugharimu jiko jipya. Na usilete ndani debe ambalo bado ni la moto. Mwizi wa madebe ya makaa moto bado hajazaliwa.

Sasa baridi. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu wamemfukuza mpangaji bila kufikiria kazi aliyokuwa akiifanya. Fikiri hivi: kinachosikia baridi ni wewe, si ukuta. Kupasha moto chumba kizima cha mawe usiku wa Julai ili mtu mmoja apate joto ni sawa na kupasha moto kaunti nzima. Pasha moto mtu. Jiko likiwa bado huko nje, lichemshe maji ya mwisho. Yatie kwenye chupa ya mpira ya maji moto, funga sawasawa, zungushia fulana kuukuu, weka miguuni nusu saa kabla ya kulala. Ukilala utakuta kitanda kinakungojea kwa upendo. Sweta mbili za mtumba kutoka soko la Karatina zinashinda gunia la makaa, na hazinunuliwi kila wiki. Soksi. Kofia ya marvin, hata kama mke anacheka. Uji wa wimbi mzito kabla ya kulala. Watoto watatu kitanda kimoja, ambapo wa katikati ndiye tajiri. Pazia zito, na kitambaa chini ya mlango: jiko likishatoka, upepo wa mlangoni unaweza kuuziba kwa amani, ukiacha tu yale matundu ya fundi yapumue.

Hatua inayowahusu wenye kuku

Wako watu ambao wao wenyewe hawalali na jiko ng'o, ila wamewapangia vifaranga. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na Kiganjo haina joto hilo hata saa saba mchana. Stima ikipotea, jiko linaingia. Mfugaji anazungushia mduara wa kadibodi, anatandaza maganda ya mbao, anafunika juu kwa nailoni ili joto lisitoke, na kwa kuwa vifaranga mia ni mtaji, anamlaza kijana wa kazi humohumo awalinde na paka.

Usiku wa manane vifaranga wanalia, na hiyo ni habari njema. Kisha wananyamaza. Kijana anashukuru Mungu kwamba wamelala. Asubuhi wako chali kwenye maganda, arobaini upande huu, sitini upande ule, wote vinyoya vikavu na joto la jiko bado linawapiga. Mfugaji anahesabu. Anailaumu chanjo, anamlaumu aliyemuuzia, anafikia hata jirani mwenye jicho baya. Kijana anasema kichwa kinamuuma, anaambiwa aache uvivu akachimbe shimo.

Miaka ya 1890 mwanasayansi Mskoti John Scott Haldane alishauri wachimba migodi ya makaa ya mawe waende chini na viumbe wadogo wenye damu moto, maana hupumua haraka na hulemewa na gesi hii kabla ya mtu. Ndege wa kanari wakapata ajira, na Uingereza haikuwastaafisha mpaka 1986. Mchimbaji aliona ndege ameanguka, akageuka akakimbia. Sisi tuna kanari mia moja kwa mkupuo mmoja, wameanguka wote, na tunabaki mgodini tukiwahesabu.

Banda la vifaranga lijengwe peke yake, liwe na matundu ya hewa juu, na binadamu asilale humo kwa mshahara wowote. Taa ya joto ndiyo bora pale stima ilipo; ukilazimika kutumia makaa, moto ukae nje na joto liingie kwa bomba, au nailoni ile iondolewe juu. Wakinyamaza ghafla, fungua mlango kwanza. Kuhesabu baadaye.

Ndugu wa jiko

Jiko lina ndugu, na notisi moja inawatosha wote. Jenereta halikai ndani, wala barazani karibu na dirisha, hata kama majirani watalalamikia kelele. Waache walalamike, wako hai. Hita ya gesi ya kuogea isifungwe ndani ya bafu lisilo na tundu, na iliyopo ikaguliwe na fundi anayejua, si binamu yako. Gari lisingurume gerejini mlango umefungwa. Na yule mlinzi wa lango, uliyempa kibanda cha bati chenye mlango mmoja na mkebe wa makaa miguuni kwa huruma, mpe koti la maana badala yake.

Kwa anayeweza kununua, iko kengele ya betri inayolia gesi hii ikizidi. Uliza ya kaboni monoksaidi kwa jina, kwa sababu ya moshi haitakwambia kitu, na tumekwisha kukubaliana kwamba huyu mpangaji hana moshi.

Hatua ya mwisho: ikiwa umechelewa kusoma

Umeamka na kichwa kinagonga. Mkeo naye hivyohivyo. Mtoto ametapika, magoti hayana nguvu, paka hataki kuinuka. Ukitoka nje kwenda chooni unapata nafuu, ukirudi ndani kinaanza tena. Hapa akili itakuletea majibu matatu: malaria, homa, na githeri ya jana. Akili yenyewe ndiyo inayokosa oksijeni, kwa hiyo usiichukulie kama shahidi wa kutegemewa.

Fungua mlango utoke. Usianze na kulizima jiko, usitafute viatu, usiketi kwanza kidogo, maana wanaoketi kwanza kidogo ndio tunaowasoma gazetini. Ukishindwa kusimama, tambaa. Watoe wengine au upige kelele majirani waje, piga 999 au 112, na asiyepumua aanze kusaidiwa kupumua palepale uani.

Mtu atakuja mbio na pakiti ya maziwa. Kiganjo tuna kiwanda cha New KCC, maziwa ni fahari yetu, lakini haya ni ya chai. Hayafiki kwenye hemoglobini, na aliyezimia yanaweza kumpalia. Dawa ni oksijeni hospitalini. Kwa hewa ya kawaida, kiwango cha gesi kwenye damu huchukua saa nne au tano kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni safi ya barakoa, ni kama saa moja hadi moja na nusu. Mama mjamzito aende hata akijisikia nafuu, kwa sababu aliye tumboni gesi haimtoki upesi kama yeye. Na aliyepona akianza kusahau mambo au kubadilika tabia wiki kadhaa baadaye, arudishwe.

Huko hospitali ya rufaa Nyeri kuna mtego mmoja. Kale kamashine wanakokubana kidoleni kupima oksijeni hakawezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyotekwa; kanaweza kuandika 98 huku unazama. Daktari anajua hilo, ila ajue kwanza kwamba kulikuwa na jiko. Wengi huona haya kusema. Mwalimu mzima, mzee wa kanisa, aseme alilala na makaa? Basi wanataja githeri, na githeri, isiyo na hatia, inaandikwa kwenye faili. Wewe ukishushwa kwenye gari sema "jiko" kabla hujasema jina lako. Habari za bima ya afya ya SHA wataziuliza wenyewe, tena mapema.